Thelathini na Tatu

Hati ya baba imelala miaka yote
kwenye bahasha ya kaki, ndani ya sanduku la bati,
kati ya kadi yangu ya kliniki
na risiti ya redio iliyokwisha kufa.
Nimeitoa leo alfajiri, Loleza haujavua blanketi lake,
nikaisoma kama mtu anayefungua barua
aliyoandikiwa mwingine.

Kitalu G, kiwanja namba 214, Forest ya Zamani.
Miaka thelathini na tatu, kuanzia tarehe mosi Julai.
Nikahesabu kwa vidole, kisha kwa simu,
simu ikashika upande wa vidole:
imebaki miezi mitano na siku chache.
Mimi nina thelathini na minne.
Maana yake nililetwa mgongoni kukiona kiwanja,
magugu na mawe,
na hati nimeizidi umri.

Kumbe tulikuwa wapangaji.
Baba, fundi wa reli, aliyefyatua tofali zake
Jumamosi kwa Jumamosi,
aliyesema "kwangu" akilikanyagia neno chini
kama anayepigilia kigingi,
mpangaji.
Mwenye nyumba ni muhuri.

Ofisi ya ardhi. Benchi limeng'arishwa na suruali za watu.
Mbele yangu mzee wa Uyole, ana kesi ya mpaka.
Nyuma yangu kijana wa koti la ngozi
amelipia kishika uchumba cha vyumba viwili ghorofani,
jirani na Soko Matola,
na benki imemrudisha:
mkopo ni miaka kumi na mitano,
jengo limebakiza tisa.
"Ningejua, ningeuliza umri kabla ya bei."
Mzee hageuki hata shingo:
"Ng'ombe tu hufunuliwa meno kwanza."

Karani hana ubaya. Ana mafua na skafu ya kijani.
Anafunua kurasa kwa ncha ya kalamu.
"Mirathi mlifungua?"
Tulifungua.
"Kodi ya pango la ardhi, dada. Miaka saba."
Saba. Narudi nyuma mwaka kwa mwaka
mpaka Machi ile, kwenye turubai na viti vya kukodi.
Baba ndiye aliyekuwa akilipa.
Hatukujua kama kuna kitu kinalipwa.

Napewa namba ya malipo, ndefu kama mkufu,
na fomu.
Mstari wa tisa, mfupi kuliko kidole:
SABABU YA KUOMBA KUONGEZEWA MUDA.

Niandike nini hapo, pasipoenea hata jina langu?
Kwamba mama anajua gizani ngazi ipi imepasuka?
Kwamba mparachichi wa uani haukuomba kibali
na mizizi yake imeshavuka kwa jirani?
Kwamba chini ya dirisha la jikoni
saruji imeshika unyayo mmoja wa Lugano,
aliyeikanyaga ikiwa mbichi, akachapwa,
na leo yeye yuko Tunduma, mguu uko hapa?

Nimeandika: makazi.

Nimerudi na manyunyu. Mama yuko uani, kanga kichwani,
anamsimamia Gwakisa aliye juu ya ngazi,
wanabadilisha bati la jikoni.
"Wamesema mingapi?"
"Thelathini na mitatu tena, wakikubali."
Mama ana sabini na miwili.
Anacheka hadi anashika ukuta.
"Ungeomba tisini na tisa, Subilaga.
Kwani kuomba wanatoza?"
"Wanatoza, mama."
Hilo likamkata kicheko.

Akainua uso kwa fundi.
"Na hili bati lako?"
"Dhamana miaka ishirini na mitano, bibi."
"Mvua ya Mbeya imeambiwa?"

Gwakisa akashusha mkono bila kujibu,
na mama akampa misumari,
mmoja mmoja,
akiihesabu.